Mkono Chini ya Meza

Mwaka ule Tummas alipita nyumba hadi nyumba
na karatasi ya kupinga, kalamu ameifunga kwa uzi wa sufu
isichukuliwe na upepo wa Suðuroy.
Hakuna mlango uliofungwa.
Watu walitia sahihi wakiwa na unga vidoleni,
mmoja amembana kondoo katikati ya magoti,
mkasi wa manyoya kwapani.
Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa langu.
Nililiandika vizuri, kwa mwandiko wa shule ya Jumapili.

Nani alibadilika, na lini, sijui.
Ukumbi wetu wa ibada ni uleule, viti vigumu vilevile,
Warumi husomwa kila Februari
na msomaji wa zamu husafisha koo palepale.
Ila siku hizi akifika mstari ule huusoma mbiombio,
kama mtu apitaye mbele ya duka analodaiwa.

Labda ilianza usiku ule paa letu liliponyanyuka,
nyasi zake, udongo wake, mbao, vyote vikaelekea baharini.
Waliofika kwanza, kabla ya ndugu wa ukumbini,
ni Sunnuva na Armgarð wa nyumba ya manjano,
makoti ya mvua juu ya nguo za kulalia.
Armgarð alilala kifudifudi juu ya boriti hadi kukacha,
akiizuia kwa uzito wake.
Tummas aliwapa kahawa. Hakujua aangalie wapi.
Kikombe kimoja kilikuwa na ufa; akakichukua yeye.

Kisha tawi la chama likaitisha kikao
kumwelekeza mbunge wetu apige kura ipi kule Tórshavn.
Mara iliyopita ilichukua dakika nne:
mikono kumi na tisa juu, halafu keki.
Safari hii mwenyekiti Hjalgrím aliuliza mara mbili,
akidhani hatujasikia.
"Wanaopinga?"
Mikono tisa. Kumi, alipomkazia macho mpwa wake.
Mpwa akaushusha tena.
"Wanaounga mkono?"
Mitatu ya vijana, na wa Oddvør, mjane wa kinanda,
aliyeinua kidole tu, kama aombaye ruhusa ya kutoka.
Sisi wengine tuliitazama keki.
Hjalgrím akaandika: *Mbunge afuate dhamiri yake.*
Akaandika taratibu sana.

Mkono wa Tummas ulikuwa chini ya meza.
Niliuona. Ulishika kofia, ukiuzungusha ukingo wake
kama mtu atafutaye mwanzo wa uzi.
Haukupanda kwa hawa wala kwa wale.
Msiuite ujasiri; mwenyewe angekasirika.
Njiani alisema, "Biblia haijabadilika, Birita."
Nikasema, "Sijasema imebadilika."
Tukafika nyumba ya manjano. Taa ilikuwa inawaka.
Akapita kwa kunyata, na mabuti yake yale.

Leo nimeikuta nakala ya karatasi ile
kwenye droo ya mishumaa.
Wino haujafifia. Jina langu liko juu kabisa, safi.
Sikulifuta. Lililoandikwa limeandikwa.
Nimeigeuza, na nyuma yake nimeandika vipimo:
kifua, bega, urefu wa mkono,
kisha tena kifua, bega, urefu wa mkono.
Sweta mbili za harusi, vifungo vya fedha.
Armgarð ana mikono mirefu. Sufu haitatosha.

Tummas amesoma juu ya bega langu.
Hakuuliza ni za nani.
Amechukua taa, ametoka kwenda bandani
kuangalia kama kuna sufu iliyobaki.