Wati Thelathini

Ghorofa ya pili, Luthuli, ngazi zinanuka risasi ya kulehemu.
Kyalo ananionyesha kwanza lile dubwana refu kama kabati la nguo:
wati mia tatu, spika nne, magurudumu.
"Hili," anasema, "ukiligusa Ngara, Pangani wanaamka."
Namwambia Pangani ndiko ninakolala.

Chumba kimoja, ukuta wa tofali moja,
na upande wa pili analala Nafula,
muuguzi wa zamu ya usiku, anayerudi asubuhi
viatu mkononi ili asituamshe sisi.
Mtu kama huyo humpigii besi ya wati mia tatu.
Humpigii hata ya mia.

Kuna sababu nyingine, tusidanganyane:
elfu kumi na tisa zilizokunjwa ndani ya soksi,
za harusi mbili na disko matanga moja;
mita ya stima inayolia usiku kama kifaranga;
na ngazi, maana nakaa ghorofa ya tano
na lifti ilibaki kwenye karatasi za kontrakta.
Nataka ya kubebwa kwa mkono mmoja,
wa pili ubaki na gitaa.

Naanza na ya wati kumi. Naipenda kwa macho,
nyepesi, kama redio ya jikoni.
Nagusa uzi mnene ukiwa wazi
nasikia mtu anayesafisha koo
kabla ya kusema jambo, kisha halisemi.
Nikiongeza, inakohoa.
Kisanduku hakina mapafu.

Ya wati ishirini ina taa za samawati
na vitufe vya kuigiza kanisa, pango, uwanja wa mpira.
Kyalo anavipenda. Namwomba avizime kimoja kimoja
hadi ibaki besi yenyewe,
na inapobaki yenyewe
hakuna mtu nyumbani.

Basi anavuta moja kutoka chini ya meza, imechakaa,
wati thelathini, spika ya inchi kumi,
kitambaa cha mbele kimeshonwa kwa kamba ya kiatu.
Ilikuwa ya kwaya fulani ya Dagoretti, anasema, wakanunua kubwa.
Nagusa uzi ule ule.
Skrubu zilizomwagwa juu ya kaunta
zinaanza kusogea polepole, kama watu wanaompisha mgeni.
Kyalo ananyamaza. Fundi wa simu duka la pili anainua kichwa
asijue anatafuta nini.

Elfu kumi na sita na mia tano, na kebo juu yake.

Jumamosi, Kariokor, nyuma ya jiko la nyama,
naipandisha juu ya kreti ya soda, mgongo ukutani,
kwa sababu sakafu humeza na ukuta hurudisha.
Ogola wa ngoma anacheka: "Hiyo ni ya kuchemshia chai?"
Namwomba aweke fimbo chini, atumie brashi.
Watu wako thelathini. Wati thelathini. Kila mtu na yake.
Hesabu ya kijinga, lakini wimbo wa pili
mama mmoja aliyekuwa akikata kachumbari
alianza kukata kwa mapigo yangu,
na hakunitazama hata mara moja.
Ndivyo mpiga besi anavyolipwa.
Pesa zenyewe zilikuja Jumanne.

Nyumbani naiweka juu ya blanketi lililokunjwa mara nne,
kitufe kwenye mbili, saa za mchana,
na bado, nikimkumbuka Nafula, nakata.
Alhamisi nilikata kwenye noti ya tano kati ya nane.
Ukuta ukagongwa. Mara tatu.
Nikatoka kwenye korido, samahani ikiwa tayari mdomoni.
Alikuwa mlangoni, leso kichwani, jicho moja limefumba.
"We," akasema, "ukinishusha ngazi
usiniache katikati.
Maliza nilale."