Kazi Namba 2214

Alhamisi, saa tatu asubuhi, Valdecorza,
kabla jua la Agosti halijaanza kukaanga vigae,
naiwasha kompyuta ya maktaba, moja tu tuliyo nayo.
Pembeni mwa skrini kialama cha rangi ya chungwa kinanikumbusha:
masasisho mia na arobaini na saba.

Mia na arobaini na saba!
Kama barua za mtu aliyehama bila kuaga.

Nikabonyeza kipanya mara moja, nikaandika nywila,
nikalishusha dirisha lisinisumbue,
nikavuka uwanja kwenda kwa Fermina kunywa kahawa.
Mimi ndivyo nilivyo. Kazi ikienda yenyewe, naiacha iende.

Baba hayuko hivyo.
Miaka thelathini na mmoja alikaa stesheni,
kidole juu ya kitufe cha shaba cha telegrafu,
akiwapasha watu wa Mérida habari za mabehewa
yaliyosheheni magome ya mwaloni.
Treni haisimami tena. Kidole kingali kinatafuta pa kugonga.
Vitufe vyangu vya rangi anaviita vibonzo.
"Mashine," husema, "ni ya kuambiwa, si ya kupapaswa."

Nilipokuwa mdogo nikimwita mezani
hakujibu kwa mdomo. Aligonga ukuta:
fupi, ndefu, fupi.
Nimepokea.

Basi akaingia, akakuta kiti kitupu.
Akafungua dirisha jeusi,
kishale kikipepesa kama mtu anayesikiliza,
akaandika sudo na amri yake yote
bila kutazama vidole.
Mashine ikamjibu kwa adabu ya karani:
kufuli limeshikwa na kazi namba 2214.

2214 nilikuwa mimi.
Yaani ule mbonyezo wangu, ukihangaika kimyakimya
chini ya skrini, ukifungua vifurushi kimoja kimoja,
umeshafika cha tisini na mbili.

Na yeye, aliyejua maisha yake yote
kwamba reli ni moja na treni ni mbili,
na mwenye fimbo mkononi ndiye mwenye njia,
hakuuliza fimbo anayo nani.
Akaandika neno la kuua,
akalifuatisha namba yangu,
akabonyeza.

Nilirudi na kahawa yake ikimwagika kisahanini.
Mlangoni Bibi Obdulia, miaka themanini na sita,
amekuja kuchapa fomu ya kuthibitisha kwamba yu hai;
pasipo fomu, saa sita mchana pensheni inasimama.

"Umeniua," nikamwambia Baba.
"Sikujua ni wewe."
"Ungeuliza."

Akatazama viatu vyake.
Nikajaribu kitufe changu: kimefifia kijivu,
nabonyeza na nabonyeza, kama kugonga nyumba ya waliohama.
Usakinishaji umekatizwa, inasema mashine. Urekebishe kwa mkono.

Kwa mkono.
Nikamsogezea kiti.
Mimi nikisoma kwa sauti, yeye akaandika,
safari hii polepole, akisubiri nimalize kila neno,
na mistari ikaanza kumiminika,
maharage kutoka gunia lililotoboka,
tisini na tatu, tisini na nne,
Bibi Obdulia akijipepea kwa kitambulisho chake
na kuuliza kila baada ya dakika kama tayari.

Ikazima. Ikawaka.
Sijui tulikuwa tumeacha kupumua tangu lini.
Saa sita kasoro dakika saba printa ikakohoa,
ikatema karatasi. Akaisogeza mbali na macho, akaisoma.
"Kumbe bado nipo," akasema, akaenda zake.

Alhamisi iliyofuata nikabonyeza tena,
nikabandika kikaratasi kwenye skrini:
NIMEANZA. USIGUSE.

Niliporudi na kahawa mbili
kiti kilikuwa kitupu, mashine ikifanya kazi yake,
na chini ya maandishi yangu, kwa penseli,
nukta,
mstari,
nukta.