Ulimi Una Ukoo

Miaka kumi na miwili naonja asali
kwenye ghala la ushirika, Sikonge:
kijiko cha bati, kikombe cha maji ya kusukutua,
na daftari lenye safu mbili tu.
Safi. Moshi.
Safi hulipwa kamili. Moshi hukatwa robo.

Rushwa sijala. Naliandika hilo mapema,
maana kila aliyepotoka huanza na orodha ya asiyoyatenda.

Ndoo ya mjomba Mahona ikifunguliwa
nilifumba macho, nikaisikia miyombo ikichanua
huko Ipole, mti kwa mti.
Ndoo ya Ntiruhungwa, aliyehamia kutoka Kasulu
na mkewe na cherehani nyuma ya baiskeli,
kijiko kilikuwa hakijagusa jino
koo limeshakohoa.
Moshi, nikaandika.
Naye kila msimu alinijibu lile lile:
"Haya, mama. Wewe ndiye uliyeonja."

Mwaka juzi mvua ya kwanza ya Novemba
ilipenya bati bovu, ikafuta chaki kwenye vifuniko.
Kalunde, karani wetu, akaandika majina upya kwa kukumbuka,
na kumbukumbu ya Kalunde ni tenga la kuchotea maji.

Nikaonja.
Iliyoandikwa Mahona: nyepesi, ina harufu ya ua.
Iliyoandikwa Ntiruhungwa: moshi,
ule ule, moshi wa mtu asiye na subira.

Jioni mjomba akaja kuchukua fedha zake,
akaiona ndoo yake kwenye safu ya zilizokatwa.
Aliijua kwa mpini, aliufunga mwenyewe kwa gome la mtundu.
"Mpwa wangu, leo nimekukosea nini?"

Nikarudi na kijiko. Nikaonja tena,
sasa nikijua ni ya nani.
Moshi haukuwepo.

Ningekuwa nimedanganya, ningelala.
Lakini asubuhi ile moshi ulikuwepo,
uliniwasha kooni, niliunywea maji.

Nimeutafuta ulikotoka.
Namwona mama akipepeta mpunga, nina miaka sita, au saba,
anamwambia jirani, wala hana hasira:
"Wale wa Kasulu hawangoji nyuki watulie, wao ni kuchoma tu."
Ungo ukapanda, ukashuka,
makapi yakaruka na upepo,
neno likabaki na punje.
Tukapika, tukala.
Nyumbani kwetu hakuna hata mmoja aliyewahi kufika Kasulu.

Siku hizi namwambia Kalunde afunike majina kwa gunia.
Inasaidia kidogo. Namjua mtu kwa kengele ya baiskeli,
kwa ndala zinavyokokota sakafu, kwa anavyobisha hodi.
Ulimi una ukoo.
Ukifungwa macho, unapapasa hadi kwa nduguze.

Ile robo ya Novemba nilimrudishia Ntiruhungwa.
Za misimu ya nyuma zimo daftarini,
kwa mwandiko wangu mzuri, na mistari nimeipigia rula.
Nilimwambia ni kosa la chaki.
Alihesabu noti mara mbili, akazikunja.
"Chaki," akasema.
Kisha akainua ndoo yake tupu,
akapitisha kidole ukingoni,
akakilamba polepole, akinitazama.