Kopo la Kakao

Imbro Vurnek aliweka mezani kopo la kakao,
kifuniko kimebanwa na mpira wa mtungi wa achari.
"Zilikuwa chini ya ukuta wa jikoni," alisema,
"ule uliolala siku ya tetemeko.
Barica anasema kaona msalaba. Mimi sioni kitu."

Arobaini na moja. Nyingine si pana kuliko ukucha wa kidole cha mwisho,
za kijani, za kahawia, mbili zimeng'ang'aniana kama ndugu wagomvi.
Nikaziloweka. Hapa Sisak subira ni kazi ya mshahara:
wiki tatu za maji, na kubadilisha maji,
kisha hadubini, na mwiba wa waridi pori,
maana chuma hakina adabu juu ya shaba iliyochoka.

Usiharakishe msalaba, nilifundishwa.
Mikwaruzo miwili ya jembe ikikutana, tayari ni msalaba.
Na X ndani ya shada la majani ni kumi tu:
miaka kumi ya kaizari, na kumi nyingine ya kuombewa,
ambayo wengi wao hawakuifikia.
Askari wawili wamesimama, bendera katikati;
juu ya kitambaa, nukta. Au duara.
Nilipangusa asubuhi nzima.
Ilikuwa uchafu.

Ya thelathini na tatu ndiyo aliyoiona Barica.
Mbele: kidevu, taji la lulu,
na herufi tatu za jina, nyingine zimeliwa na udongo.
Nikageuza.
Mwanamke mwenye mabawa, Ushindi, mungu wa zamani
ambaye hakuna aliyekumbuka kumfukuza kazi.
Na kushoto kwake, penye nafasi ya punje ya ufuta,
Khi imetanua miguu, Rho imepita katikati
kama mkuki wenye kitanzi kichwani:
herufi mbili za kwanza za jina la Kristo,
kwa mkono wa fundi aliyekuwa na haraka ya kwenda kula.
Chini, AQ. Aquileia, basi;
safari ya siku nyingi kwa gari la ng'ombe.

Nikampigia simu. Alikuja na chupa ya pombe ya plamu.
Alivua kofia kabla ya kuinamia hadubini,
kama aingiaye nyumba ya watu.
"Ndiyo huo. Barica alisema kweli."
Akazungusha gurudumu mbele, nyuma, mbele.
"Na huyu?"
"Yupi?"
"Anayeburutwa."

Mateka, nilimwambia. Ameshikwa nywele.
Hana jina, na sarafu zikichakaa
mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kufutika.
"Na maandishi haya pembeni yanasemaje?"
"Afya ya dola."

Mkono wake ulikwenda kisogoni wenyewe,
pale ambapo hapajaota nywele tangu mwaka wa tisini na moja,
ukarudi mfukoni.
Sikuuliza. Aliomba risiti ya zote arobaini na moja,
akazihesabu upya, kwa sauti.

Jioni nilijaza kadi: shaba, gramu moja nukta moja,
milimita kumi na tatu,
alama ya Kikristo: ipo, kushoto.
Mstari wa mwisho ni "mengineyo", una nafasi ya maneno manne.
Mateka anaonekana, nywele pia.

Zile mbili bado hazijaachana.
Leo nimezibadilishia maji.