Saa Moja, Labda

Kitabu cha kiwanda kinasema dakika arobaini na nane:
kufungua bomba la moshi, kubadili gasketi, kufunga.
Aliyekiandika alikuwa na pikipiki mpya,
sakafu kavu, taa nyeupe,
na hakuwahi kukaa Ribadeo,
ambako mvua hutoka baharini na chumvi yake mfukoni
na kila nati huolewa na bolti yake
ndoa isiyojua talaka.

Eladio amekuja na mikate nyuma, bado ya moto.
Injini inakohoa pembeni, tik-tik-tik.
"Uxía, muda gani?"

Nachuchumaa.
Bolti ya kushoto ina ukoko wa kahawia.
Ya kulia imeliwa kichwa na spana ya mtu fulani
(Mtu Fulani ndiye fundi mwenye kazi nyingi kuliko wote mkoani,
kila nikifungua kitu, yeye amepita).
Macho yangu hayajamaliza kuona,
kinywa kimeshasema: "Saa moja."
Kinywa changu ni mchuuzi, macho yangu ni fundi,
nao hawasemezani tangu nirithi karakana hii.

Ya kushoto inatoka ndani ya robo saa, ikilalamika.
Ya kulia: mafuta, ngoja.
Moto, ngoja. Mafuta tena.
Brais anashika tochi ya gesi kwa mikono miwili
kama anayembeba mtoto wa mwenzake.
Nageuza kidogo, narudisha kidogo,
nageuza—

Tik.

Si sauti kubwa. Mtu kavunja njiti ya kiberiti
chumba cha pili.
Lakini hata usingizini ningeamka.

Baada ya hapo saa si saa.
Ni keekee ya milimita mbili, kisha ya tatu,
kisha pumzi niliyoizuia.
Ukipinda, unatoboa aluminiamu,
na hapo hatuhesabu tena saa, tunahesabu injini.
Eladio ameenda kunywa kahawa, amerudi.
Ameenda kula, amerudi.
Mkate mmoja amewapa shakwe,
mwingine ameuweka juu ya meza yangu bila neno,
mgumu tayari kama kiatu.

Jioni injini inanguruma kwa sauti moja, safi.
Naandika risiti: saa moja.
Brais anahesabu kwa vidole, anafika tano.
"Na nne zilizobaki, nani analipa?"

Namfungulia daftari la baba, lililojaa madole ya grisi.
Safu moja ya kitabu, safu moja ya kweli:
*Klachi. Kitabu: saa mbili. Kweli: siku mbili, na mbuzi wa Amaro aliingia ndani.*
*Kabureta. Kitabu: saa moja. Kweli: dakika ishirini. Sikumwambia mtu.*
Naongeza mstari wangu chini yake.
"Hizi nne nimezinunua mimi," namwambia.
"Ghali. Lakini sasa ni zangu."
Hakubali. Ana miaka kumi na saba, na ana haki.

Kesho yake anakuja mwanamke, aina ileile ya pikipiki,
tik-tik ileile.
"Muda gani?"
Nachuchumaa. Naacha macho yamalize.
Kichwa cha bolti, chumvi nyeupe shingoni mwake.
"Saa tano. Zikibaki, nakurudishia."

Anacheka. Kule mtaa wa chini wamemwambia saa moja.

Anawasha, anaondoka,
nasi tunasikia ekzosi ikivuja mteremko wote,
tik-tik-tik, hadi kwenye kona ya kanisa.
Brais anatazama saa ya ukutani.
Kisha, bila kutumwa,
anaanza kutafuta keekee ya milimita mbili.