Kuhesabu Hadi Kumi

Mtaalamu alisema: zima runinga, piga magoti,
macho yako yalingane na yake.
Taja ulichoshika, kisha nyamaza.
Hesabu hadi kumi kabla ya kumjibia.

Kumi ni safari, jamani.
Mimi ni fundi wa lifti, mtu wa nati na grisi,
mchana kutwa nasema na nyaya.
Leo niko jikoni, ghorofa ya saba, Kutaisi,
Lamara yuko zamu hospitalini,
na Nutsa, miaka miwili na miezi mitatu,
ananyoosha kidole kwenye kabati.
Mm. Mm.

Najua anachotaka. Hapo ndipo nilipokosea:
nimeyasoma mawazo yake siku zote
hata hana haja ya kuyasema.

Nachukua jozi. "Jozi," namwambia. "Jozi ngumu.
Tunaipasua. Pwaa!"
Moja, mbili, tatu (simu inalia, iache ilie),
nane, tisa.
Anaitazama midomo yangu
kama abiria atazamavyo lifti iliyokwama.

Bibi Tsiala anapiga simu kutoka kijijini:
"Babako alikaa kimya hadi miaka minne,
akaja kuwa wakili."
Asante, bibi.

Basi soksi, soksi nyingine, iko wapi soksi.
Kitunguu kinatuliza, tulie.
Akisema "ji" nasema "maji, maji baridi,"
simwambii amekosea,
namrudishia neno lake likiwa limevaa viatu.

Kwetu baba ndiye huitwa mama,
na mama huitwa deda; wageni hucheka.
Neno hilo nililingoja kama mshahara.

Jumanne tukarudi na mkate.
Lifti yetu hula sarafu. Nutsa akaidumbukiza,
mlango ukajifunga, nikasema, "Haya, lifti ina..."
nikaziba mdomo.
Ghorofa ya pili. Ya tatu. Jasho.
Ya tano.
"Panda," akasema.

Si mama. Mimi simo kabisa.
"Ndiyo," nikasema, sauti ikinigeuka,
"inapanda. Inapanda juu."
"Panda," akamwambia mkate.

Lamara alifungua mlango, sare bado mwilini.
Nikataka kumweleza. Nikafungua kinywa,
nikanyoosha kidole: kwa mtoto, kwa lifti, kwa mtoto.
Mm, nikasema. Mm.
Akaegemea fremu ya mlango, hakunijibia,
na nikaona midomo yake ikihesabu.