Saa Kumi na Moja

Baba ameacha saa kumi na moja.
Si wakati. Saa zenyewe: za mezani, za ukutani,
moja ya shaba yenye mguu uliolegea,
moja yenye ndege aliyekwisha kukataa kutoka.
Nimezipanga sakafuni, nyumba hii ya Cwm Gwernen,
na hakuna hata mbili zinazokubaliana.

Idwal Prosser, mchimba makaa:
siku sita alishinda chini ya ardhi,
ya saba alishinda juu yake.

Kanisani mchungaji alimsema bila kumtaja,
"wapo wanaomkimbia Bwana kwa magurudumu mawili,"
na Mama akakaza macho kitabuni, masikio yamemwiva.

Yeye alikuwa barabara ya Abergavenny tangu alfajiri,
amevaa nyeusi tupu kama mfiwa,
maana chama kiliogopa polisi.
Kila dakika huachiliwa mtu mmoja gizani.
Hakuna wa kumfukuza, hakuna wa kumpisha.
Adui ni mshale mwembamba kiganjani mwa mzee Havard,
aliyeketi kwenye kiti cha jikoni kando ya mtaro,
chupa ya chai katikati ya magoti.

Maili ishirini na tano, mwaka hamsini na tano:
saa moja kasoro sekunde tisa.
Zawadi? Saa.
Fedha ilikuwa haramu; ukipokea hata shilingi
unaitwa wa kulipwa, unafutwa.
Wakampa saa, na tena saa, na tena,
kama watu wanaomlipa mwizi kwa kile alichowaibia.

Kisha barua: majaribio ya timu ya Melbourne.
Mama akanunua sanduku. Bado lipo, lina blanketi.

Kumbe Beynon mwuza nyama alimpa tairi mbili za hariri,
na gazeti likatoa picha:
Baba, baiskeli, na nyuma yake kibao,
SOSEJI ZA BEYNON, herufi kubwa kuliko kichwa chake.
Kamati ilikaa Cardiff, haikumaliza hata chai.
Wakaandika kwamba amejiuza.

Hakukata rufaa. Alizirudisha tairi
zimekunjwa vizuri ndani ya karatasi ya nyama.
Ila kila Jumapili, bila namba mgongoni,
aliondoka dakika moja baada ya mtu wa mwisho,
akirudi akamkuta Havard bado kitini, peke yake,
amesahau, alisema, kuizima saa yake.

Makaa ndiyo yaliyomshinda, mapafuni, taratibu.
Mwishoni ngazi kumi na tatu zilikuwa mlima,
naye alizipanda akihesabu kwa midomo,
akifika juu ananitazama.
Nilijifunza kumwambia: "Umepunguza sekunde mbili, Baba."

Leo nimezitia ufunguo zote.
Sijazirekebisha.
Nimeketi kwenye kiti cha jikoni, nje bado giza.
Ya kwanza imelia.
Nikahesabu hadi sitini.
Ya pili.